Uzoefu wangu: servo ya SG90 ndani ya chombo cha angani nilichokiunda kwa mkono

Servo ya SG90 ni mota ndogo yenye ganda la buluu, inayogeuka hadi pembe uliyoiamuru na kusimama hapo, ambayo maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue jijini Nairobi huiuza kwa shilingi mia chache tu. Nimeitumia katika chombo cha mizigo cha angani ambacho sikukinunua kikiwa vipande vya kuunganisha, bali nilikichora, nikakikata na kukijenga mwenyewe kwa skeli ya 1:48, kiasi kwamba sentimita 50 zilizo mezani ni mita 24 za chombo chenyewe endapo kingekuwepo. Mlango wake wa nyuma unashuka hadi chini ili mizigo ipite, miguu yake mitatu ya kutua inakunjika, na dishi la rada lililo juu ya paa linageuka. Maoni yangu ni kwamba mota hii inastahili bei yake kwa sharti moja: mjenzi asiiruhusu iende kwa mwendo wake wa kawaida.

Kuhusu umbo la nje nitasema machache, kwa kuwa si lengo la tathmini hii. Karatasi za plastiki ya polistireni ambazo wajenzi wa modeli katika nchi nyingine hununua zikiwa zimepangwa kwa unene ni adimu hapa Nairobi, lakini mafundi wa friji wanayo plastiki ya jamii hiyo hiyo bila kuijali, kwani kuta za ndani za friji nyingi hutengenezwa kwa polistireni iliyoongezewa ugumu. Ukishaikwangua povu lililogandamana nayo upande wa nyuma, inakatika vizuri kwa kisu, inakubali msasa, na inashikamana kwa gundi ya kuyeyusha. Mifupa ya ndani ni ya perspeksi ya milimita 3 iliyokatwa kwa leza na watengenezaji wa mabango. Anayetaka kuwapelekea plastiki ya PVC badala yake asishangae wakimkatalia, kwa sababu PVC ikichomwa na leza hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayodhuru mapafu na kuozesha mashine.

SG90 ina uzito wa gramu 9 na urefu wa takriban milimita 22 kwa upana wa milimita 12, na kimo cha milimita 31 ukihesabu na mhimili wake. Vipimo hivi vinaonekana vidogo hadi uvizidishe kwa skeli: milimita 31 kwa 1:48 ni karibu mita moja na nusu, maana yake ndani ya chombo changu kila servo inachukua nafasi ya mtambo unaomfikia mtu mzima mabegani. Kwa sababu hiyo nafasi za servo ziliamuliwa kwenye karatasi kabla ya kitu kingine chochote, na umbo la nje likafuata. Katika skeli ya 1:72 nisingeweza kuficha servo mbili nyuma ya mlango uleule bila kukifanya chombo kionekane kimevimba.

Lakini ukubwa si tatizo kuu la mota hii. Tatizo kuu ni kasi. Inapopewa volti 4.8 inageuka digrii 60 kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, jambo ambalo ni sifa njema kwa ndege ndogo ya kurushwa kwa rimoti lakini ni balaa kwa modeli inayotakiwa kuonekana kubwa. Mpwa wangu, aliyekuwa wa kwanza kuona mlango ukifanya kazi, aliuliza, "Mjomba, mbona mlango unabamizwa kama wa matatu?" Sijasoma tathmini yoyote ya kitaalamu iliyoeleza kasoro hiyo kwa usahihi zaidi.

Jicho hupima ukubwa wa kitu kwa kuangalia mwendo wake. Kitu kikianguka kutoka kimo cha mita 2.4 huchukua karibu sekunde 0.7 kufika chini. Kimo hicho hicho katika skeli ya 1:48 ni sentimita 5, na kuanguka kwake huchukua sekunde 0.1. Uwiano wa nyakati hizo mbili ni kama 7, ambao ndio kipeuo cha pili cha 48, na ndiyo sababu wapiga filamu wanaotumia modeli huendesha kamera kwa kasi kubwa ili picha zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida mwendo uonekane mzito. Anayetazama modeli mezani hana kamera ya namna hiyo, kwa hiyo upole lazima uwe ndani ya mashine yenyewe. Mlango wangu sasa unachukua sekunde zipatazo saba kushuka, na tofauti haihitaji maelezo kwa yeyote anayeutazama.

Njia rahisi ya kupunguza kasi ni kwa programu. Servo husoma mapigo ya umeme yanayokuja mara 50 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio unaoiambia isimame wapi. Maktaba ya kawaida ya servo (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa) katika Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha vifaa kwa programu, hutumia mapigo ya kati ya mikrosekunde 544 na 2400. Ukiandika programu inayorefusha pigo kidogo kidogo, mota itatembea polepole. Hata hivyo, SG90 haisikii mabadiliko yaliyo chini ya takriban mikrosekunde 10, na hizo ni sawa na digrii moja hivi ya mzunguko. Mlango ukiunganishwa moja kwa moja na mhimili, na ukawa unashuka digrii 29 tu, basi utashuka kwa hatua 30 hivi zinazoonekana waziwazi. Mlango wangu una urefu wa sentimita 12, kwa hiyo kila hatua inaruka milimita 2 kwenye ncha, ambazo kwa skeli ni sentimita 10 nzima. Chombo cha mita 24 ambacho mlango wake unashuka kwa kushtukashtuka kila sentimita 10 kinaonekana kibovu, si kikubwa.

Dawa yake ni ya kimakanika, na hapa ndipo mota hii iliponishangaza kwa uzuri. Badala ya kuiunganisha na bawaba, niliiweka kando na kuufunga mkono wake kwenye mlango kwa fito iliyotokana na klipu ya karatasi niliyoinyoosha. Kwenye mkono wa servo fito inashika tundu lililo milimita 5 kutoka katikati ya mhimili, na kwenye mlango inashika kijiti kilicho milimita 20 kutoka kwenye bawaba. Mkono unapogeuka nusu duara nzima, mlango unasogea digrii 29 tu. Zile hatua za digrii moja bado zipo, lakini sasa ni nyingi mara sita na kila moja imekuwa ndogo, kiasi kwamba ncha ya mlango hairuki zaidi ya nusu milimita hata katikati ya safari.

Mpangilio huo unaleta faida nyingine mbili ambazo hazigharimu kitu. Ya kwanza ni kwamba mwendo unaanza taratibu, unaongezeka katikati, na kufifia mwishoni bila programu kuombwa lolote, kwa kuwa mkono unaozunguka huisukuma fito kidogo sana unapokuwa karibu kulala sambamba nayo. Ya pili ni kwamba mlango ukishafika mwisho, mkono na fito vimekuwa mstari mmoja, na uzito wa mlango hauna namna ya kuurudisha mkono nyuma. Hapo ninakata mapigo kabisa. SG90 isiyopokea mapigo hulegea na kunyamaza, na mlango unabaki mahali pake kwa jiometri peke yake. Wengi hulalamika kwamba servo hizi hunguruma muda wote zikiwa zimesimama. Kwa sehemu kubwa zinanguruma kwa sababu zimepewa mzigo wa kushikilia ambao kiungo kilichopangwa vizuri kingeubeba.

Kwa upande wa umeme, SG90 ina tabia ya kuvuta mkondo mkubwa ghafla inapoanza au inapozuiwa. Bodi ya Arduino Nano inayolishwa na waya mmoja wa kompyuta pamoja na servo kadhaa hujizima na kujiwasha upya mara zote zinaposhtuka pamoja, na programu huanza tena tangu mwanzo huku mlango ukiwa nusu njia. Nimetenganisha: Nano ina chanzo chake, na servo zina betri nne za kuchajiwa za volti 1.2, ambazo jumla yake ni volti 4.8 kamili, volteji ileile ambayo servo ilipimiwa. Waya hasi za vyanzo hivyo viwili ni lazima ziunganishwe, la sivyo mapigo hayana marejeo na servo hucheza ovyo. Kapasita moja kubwa, yaani kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka unapohitajika, kwenye waya za betri, karibu na servo zenyewe, ilimaliza mitetemeko iliyobaki.

Kulikuwa na mtetemeko wa aina nyingine ambao haukutokana na betri. Taa za ndani ya chumba cha mizigo ni za LED zinazopokea amri moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, zile zinazojulikana kwa namba WS2812. Programu ya taa hizo inapozipelekea data huziba masikio ya Nano kwa muda mfupi, na katika muda huo pigo la servo linaweza kurefuka kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Matokeo yake ni dishi la rada kupepesuka kila rangi ya taa inapobadilika. Anayetaka taa na servo vifanye kazi kwa wakati mmoja anunue bodi ya PCA9685, ambayo huzalisha mapigo ya servo 16 yenyewe bila kuitegemea saa ya Nano. Mimi niliridhika na suluhisho la bei nafuu zaidi, kwamba taa zibadilike tu wakati servo zote zimetulia, na kusema kweli chombo kinapendeza zaidi kikifanya jambo moja kwa wakati.

Miguu ya kutua ndiyo sehemu ambayo SG90 siipendekezi. Nguvu yake ya kuzungusha ni takriban kilo 1.8 kwa sentimita, yaani inaweza kuhimili kilo 1.8 kwenye mkono wenye urefu wa sentimita moja na si zaidi, na gia zake ni za plastiki. Mtu akikisukuma chombo kilichosimama mezani, mguu unaupokea ule msukumo kama nyundo na kuupeleka moja kwa moja kwenye meno ya gia. Hapo nimetumia MG90S, ndugu yake mwenye gia za chuma, ambayo inaingia karibu katika nafasi ileile kwa bei iliyo juu kidogo. Hata hiyo sikuiachia uzito. Kila mguu una tegemeo lenye kiungo katikati, ambalo likinyooka hupita kidogo mstari wa kunyooka na kujifunga, kama magurudumu ya ndege halisi yanavyofungwa. Servo inalikunja na kulifungua tu, na chombo kinasimama juu ya tegemeo.

Kelele ipo. Gia zinalia, na perspeksi iliyobana servo kwa skrubu huikuza sauti hiyo hadi ikasikika chumba kizima. Vipande vya tyubu ya baiskeli nilivyoweka kati ya masikio ya servo (vile vipande vya pembeni vyenye matundu ya skrubu) na perspeksi vimeipunguza kwa kiasi kikubwa, ingawa havijaimaliza. Kwa mwendo wa polepole, sauti iliyobaki inafanana na ya mtambo mzito wa mafuta, nami sina sababu ya kuigombeza.

Anayekwenda kununua ajue kwamba jina SG90 limeandikwa kwenye servo za viwanda vingi, na hazilingani. Baadhi zinafika digrii 180 kamili na baadhi zinagonga ukuta wa ndani kabla ya hapo, na servo inayosukuma ukuta wake yenyewe hupata joto hadi ikaungua. Matundu niliyochorea leza kwa servo ya kundi moja yalikataa servo ya kundi jingine kwa sehemu ya milimita. Nunua zote unazozihitaji, pamoja na akiba, kutoka boksi moja, na umwombe muuzaji azijaribu mbele yako; wengi wana kifaa cha kupimia na hawakatai. Waya ya kahawia ni hasi, nyekundu ni chanya, na ya rangi ya machungwa ndiyo ya mapigo. Sikiliza iwapo gia zinakwaruza mahali pamoja kila mzunguko, kisha shika mkono wake kwa kidole na uuhisi kama una mchezo wa kulegea. Mchezo mdogo unavumilika kwenye mlango, lakini kwenye dishi la rada utaonekana kwa kila mgeni.

Jambo la mwisho linahusu kujenga zaidi kuliko kununua. Hakuna servo niliyoibandika kwa gundi. Kila moja imefungwa kwa skrubu zake mbili, na bamba la tumbo la chombo linatoka lote kwa kuvuta, likiwa limeshikwa na sumaku ndogo zilizofichwa chini ya mistari ya mabamba iliyochongwa kwenye plastiki. Gia ya plastiki ya mlango wa mizigo ilipovunjika meno, nilichomoa ile servo na kuweka nyingine bila kugusa rangi, kisha nikausawazisha mkono mpya ili usimame mstari mmoja na fito pale mlango unapofunga.