P66 au P75: ipi itangulie kwa mchunguzi wa Injili ya Yohana?

P66 na P75 ni majina ya hati mbili za kale za mafunjo zenye Injili ya Yohana. Ziliandikwa kwa Kigiriki, zikatoka Misri hadi mikononi mwa Martin Bodmer, mkusanyaji wa hati na vitabu wa Uswisi, katika miaka ya 1950, nazo hushindanishwa mara kwa mara. Kwa umri hazitofautiani sana, kwani zote zimezoeleka kuwekwa karibu na mwaka 200, ingawa wapo wataalamu wanaozisogeza hadi karne ya 4. P66, ambayo sehemu yake kubwa imehifadhiwa Cologny, karibu na Geneva, ina mabaki ya Yohana hadi sura ya 21. P75, iliyoko Maktaba ya Vatikani, inakatika sura ya 15, lakini imebeba pia sehemu kubwa ya Luka.

Tofauti nzito iko katika mkono wa mwandishi. P66 imejaa mamia ya masahihisho, na kwangu hayo ni hazina, kwa sababu yanamwonyesha mnakili akiwa kazini, akikosea na kurekebisha. P75 ilinakiliwa kwa uangalifu mkubwa, na maneno yake yanakaribiana mno na Kodeksi ya Vatikani, hati maarufu ya Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4. Zote hazina kisa cha mwanamke mzinzi, kinachosomwa katika Yohana 7:53–8:11 kwenye Biblia nyingi.

Anayefuatilia jinsi waandishi walivyonakili aanze na P66. Anayepima usomaji wa aya moja moja, yaani maneno yapi ya aya ndiyo ya asili, atafaidika zaidi na P75, mradi aya hiyo imesalia.