Caminito del Rey: tiketi ilinitoa jasho kuliko genge lenyewe

Wifi yangu anafanya kazi Málaga, kusini mwa Hispania. Nilipopata viza ya kwenda kumtembelea kwa wiki tatu, alinitumia video moja tu ya Caminito del Rey, njia ya miguu ya makorongoni huko: watu wamevaa helmeti, wanatembea juu ya mbao zilizobandikwa ubavuni mwa jabali, na chini yao mto umekuwa mwembamba kama uzi. Akaandika, "Wifi, huku ndiko nakupeleka." Nikamuuliza ana ugomvi gani na kaka yake hata atake kumfanya mgane.

Basi nimekwenda, nimerudi, na mgane hakupatikana. Ninaandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta habari kwa Kiswahili kabla ya safari sikuona kitu cha maana, na yale ya lugha nyingine yote yalikuwa yanatisha watu bure.

Tuanze na tiketi, maana ndizo zilizonichosha. Kwenye tovuti rasmi tiketi ya kawaida ilikuwa euro 10, na ya kwenda na mwongozaji euro 18. Si ghali. Shida ni kwamba idadi ya watu kwa siku ina kikomo na kila mtu anapangiwa saa yake ya kuingia, kwa hiyo tulipofungua tovuti tukakuta mwezi mzima umejaa. Tukaona tusihangaike, tukaenda kwa wakala mmoja mjini aliyetutoza zaidi ya euro 50 kila mmoja, usafiri ndani. Siku ikafika, upepo mkali ukavuma, njia ikafungwa. Hilo silalamikii hata kidogo. Upepo ukichachamaa au mvua ikinyesha sana hufunga, na ukishayaona yale magenge utawashukuru. Ninachokilalamikia ni huyo wakala. Kurudisha hela kwake kulikuwa "kesho, kesho" mpaka nimekwisha kurudi Dar. Usiende kwa wakala kama huna haraka.

Kilichotuokoa ni ukaidi wa wifi. Kila usiku kabla ya kulala alikuwa anachungulia tovuti, kwa sababu kuna wanaoghairi. Siku ya tano zikajitokeza nafasi mbili za mwongozaji, Alhamisi saa nne na nusu asubuhi. Alipiga ukelele jirani akagonga ukuta.

Kufika ni rahisi kama hulali sana. Tulipanda treni ya asubuhi kituo cha María Zambrano, Málaga, na kama dakika 40 baadaye tukashuka El Chorro. Treni za huko ni chache kwa siku, kwa hiyo angalia na ya kurudia kabla hujatoka nyumbani. Jambo ambalo wengi hulikosea ni hili: njia ni ya kwenda tu, huingii upande mmoja ukageuka. Unaanzia kaskazini, upande wa Ardales, unatokea kusini El Chorro. Kwa hiyo ukishuka kwenye treni upo mwisho wa safari, na inabidi uchukue basi dogo likupeleke mwanzo. Sisi tulilipa euro 2.50. Likikushusha bado hujafika langoni. Kuna njia mbili za miguu, moja ya kilomita 1.5 na nyingine 2.7, na zote zinapita kwenye handaki. Tulichukua fupi. Maliza haja zako kabla hujaanza kutembea, kwani ndani hakuna choo na utakuwa humo kwa muda wa saa tatu au nne.

Langoni unapewa helmeti. Hapa wenye rasta nisikilizeni. Mimi nilikuwa nimenyoa, sikuwa na tatizo. Wifi alikuwa amesuka rasta nene zenye urefu wa kufika kiunoni, akazifunga kifundo kikubwa utosini kama kawaida yake. Helmeti ikakaa juu ya kifundo kama chungu juu ya mafiga. Kijana wa langoni akailegeza mkanda mpaka mwisho, bado. Nyuma yetu foleni inasubiri. Mwishowe wifi akakifungua kifundo palepale, akazigawa rasta misuko miwili, akaishusha moja huku na moja huku, helmeti ikakubali. "Nimerudi darasa la tatu," akasema. Jema nililoliona ni kwamba kabla ya helmeti kila mtu anapewa kofia nyepesi ya kutupa, avae ndani. Abiria wa bodaboda wa kwetu, ambao wamechoka kuvaa jasho la watu, wangelia kwa furaha.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha. Kila mtu hupewa kifaa cha kusikilizia sikioni, kwa hiyo hata ukibaki nyuma unamsikia. Niliona euro nane za ziada zimejilipa, maana bila yeye ningepita kama mbuzi, natazama mawe tu.

Kumbe hii njia haikujengwa kwa ajili ya watalii. Kati ya mwaka 1901 na 1905 kampuni ya umeme wa maji iliijenga ili wafanyakazi wake waweze kupita kati ya maporomoko mawili, Gaitanejo na El Chorro, wakibeba vifaa na kuangalia mfereji. Mwaka 1921 mfalme Alfonso XIII alikuja kuzindua bwawa lililo juu, akapita humo, na hapo ndipo jina la Caminito del Rey, Kijia cha Mfalme, lilipotokea. Baadaye kikatelekezwa. Saruji ikamomonyoka, vyuma vya kushika vikaisha, ila wapenda hatari wakawa wanaendelea kupita wakijining'iniza. Mwaka 1999 na 2000 watu wakafa, serikali ikakifunga na hata kuvunja sehemu za kuingilia. Hiki tunachokikanyaga leo ni kipya, kilifunguliwa Machi 2015.

Mbao zenyewe sasa. Upana wake ni kama mita moja, upande mmoja jabali, upande mwingine kamba za chuma, na unapokanyaga hazichezi. Sehemu ya kwanza, korongo la Gaitanejo, kuta zimekaribiana mno hata unahisi ukinyoosha mkono utaugusa ukuta wa pili. Maji huko chini ni ya kijani kibichi na yamechimba mawe mviringo kama vinu. Kutoka kwenye mbao hadi mtoni hufika mita 100 hivi. Dakika kumi za kwanza nilitembea bega limesuguana na jabali mpaka shati likawa jeupe kwa vumbi la chokaa. Wifi alikuwa nyuma yangu akinipa moyo: "Usitazame chini, wifi." Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeninunulia tiketi, nyamaza." Baada ya hapo, sijui ni lini hasa, nikajikuta nimeegemea kamba napiga picha.

Kilichonishika ni kile kijia cha zamani. Katika sehemu nyingi mbao mpya zimewekwa juu yake kabisa, kwa hiyo kipo pale chini ya miguu yako. Ukiinama unakiona: kipande cha saruji chembamba, kimetoboka, mahali pengine saruji yote imekwenda na kumebaki reli moja ya chuma imetokeza kwenye mwamba, chini yake hewa tupu. Nilisimama kwenye tundu moja kama hilo muda mrefu. Kulikuwa na mtu aliyepita hapo na mzigo begani, kila siku, hana helmeti wala kamba ya chuma, anakwenda kazini tu. Mimi nimelipa kwenda kuogopa mahali ambapo mwenzangu alikuwa anahesabu siku za mshahara. Mwongozaji alituacha tukae kimya hapo, na ninampa nyota nzima kwa ajili ya ukimya huo.

Katikati korongo linafunguka, likawa bonde pana la misonobari, na mbao zinaisha unatembea ardhini. Wengi wanapaharakisha hapa kwa kuwa "hakuna kitu". Mimi nasema polepole. Tuliketi kwenye kivuli tukala mikate yetu na machungwa, na tumbusi wakawa wanazunguka juu, wakubwa, mabawa hayapigi hata mara moja. Ng'ambo ya mto reli inaingia na kutoka kwenye mahandaki, na treni ikipita bonde zima linanguruma.

Kisha likaja korongo la mwisho, linaloitwa Gaitanes, kuta zimepanda mpaka kama mita 300. Kuna kibaraza kidogo cha sakafu ya kioo. Mpange foleni, mpige picha, mwendelee, hakina maajabu. Daraja la kuning'inia ndilo lenye kazi. Lina mita 35 tu, lakini upepo hupitia hapo kama umetumwa, na linayumba. Sakafu yake ina matundu unayoona kupitia kwake mita mia moja na zaidi za hewa. Nilivuka nikisema Bismillahi kila hatua. Mzee mmoja mbele yetu alivuka anaimba.

Kwa ujumla ni kilomita 7.7, na zile za mbao hasa ni 2.9. Miguu haichoki sana, mteremko ndio mwingi. Raba za kawaida zinatosha ila kandambili hapana. Watoto chini ya miaka 8 hawaruhusiwi, na begi kubwa utaambiwa uliache. Chukua maji. Jua la huko hata mwezi wa nne lilikuwa linachoma shingo. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya usumbufu wa kupata nafasi.

Baada ya daraja mbao zinaisha, unarudisha helmeti, unateremka kwa miguu hadi El Chorro. Tulikuwa na dakika 50 kabla ya treni, tukanunua maji ya machungwa, tukaketi. Wifi, aliyepita kote huko akinicheka, akageuka kutazama tulikotoka. Kati ya zile kuta mbili lilionekana lile daraja, jembamba kama nywele, na juu yake vitu vidogo vinasogea kama sisimizi.

"Wifi," akaniuliza, "hapo ndipo tulipopita?"

Nikamwambia ndipo. Akaweka glasi chini, mkono unamtetemeka.