Maoni ya mteja: WhatsApp au barua pepe?
Nachora vitabu vya watoto nikiwa Sinza. Kwa WhatsApp mambo ni chapuchapu: mteja wa Kariakoo anatuma ujumbe wa sauti, "Dada, huyo bibi mvalishe kanga," nami narekebisha hapohapo. Shida, jumbe kumi za sauti ukizihitaji baada ya mwezi ni kazi kuzisikiliza upya. Tena mchoro ukiutuma kama picha hubanwa, mistari myembamba ikafifia. Utume kama faili.

Barua pepe inachelewa, hasa kwa mteja wa New York, aliye nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira. Ila kila badiliko linabaki kwenye maandishi, na awamu mbili za marekebisho tulizokubaliana zinahesabika. Rasimu najadili WhatsApp. Idhini na malipo, barua pepe tu.