Honors Program ya Wizara ya Sheria Marekani: inamfaa nani akitoka kwa jaji?

Aliyemaliza mwaka mmoja au miwili akimwandalia jaji wa Marekani utafiti na rasimu za hukumu hakosi kazi. Kampuni kubwa za mawakili humwanzishia karibu dola 225,000 kwa mwaka, na bonasi juu. Waliotoka Mahakama ya Juu wamewahi kupewa bonasi ya dola 400,000 na zaidi. Mshahara wa serikali unaweza kuwa chini ya nusu ya huo, na bonasi hiyo haipo. Hata hivyo, kwa anayetaka kusimama mbele ya jaji mapema badala ya kufukua nyaraka za mteja miaka mitatu, Honors Program, mpango wa wizara wa kuajiri mawakili wapya ulioanza 1953, ndiyo ya kuombwa kwanza.

Inaajiri kwa vitengo vya wizara kama Madai, Haki za Kiraia na Mazingira. Leseni ya uwakili ya jimbo lolote inakubalika, kwa hiyo hulazimiki kufanya mtihani mwingine kwa sababu tu ofisi iko Washington. Ofisi nyingi za waendesha mashtaka wa serikali kuu walioko wilayani haziajiri kwa njia hii. Huko unaomba moja kwa moja, na mara nyingi wanataka uzoefu.

Wengi huangushwa na kalenda. Dirisha ni moja kwa mwaka: kwa desturi hufunguliwa mwisho wa Julai na kufungwa mwanzoni mwa Septemba. Kazi kwa jaji iwe imeanza ndani ya miezi 9 baada ya kuhitimu, na maombi yatumwe ukiwa bado kwake. Ukisubiri kuaga kwanza, umekwisha chelewa. Aliyeanzia kwenye kampuni ya mawakili ndipo akaenda kwa jaji kwa kawaida hana sifa tena, hata awe hodari vipi. Sharti hili ni kali kuliko inavyostahili.

Kwa waliohamia kutoka kwetu, kuna vikwazo viwili zaidi: uraia, maana kadi ya ukaazi kwa kawaida haitoshi, na kuwa umeishi Marekani angalau miaka 3 kati ya 5 iliyopita. Upekuzi wa usalama nao huchukua miezi.

Ukianza mazungumzo na mwajiri yeyote, mwambie jaji mara moja, akuondoe kwenye kesi za mwajiri huyo. Bonasi ya kampuni usiipokee kabla ya siku yako ya mwisho mahakamani. Maadili ya watumishi wa mahakama yanakataza.

Doa kubwa ni ofa yenyewe. Januari 2025, serikali ilipobadilika, waliokwisha kupewa ofa walifutiwa. Basi usiiage kampuni iliyokupa nafasi kwa sababu tu barua ya wizara imefika: omba iahirishe tarehe ya kuanza, mpaka upekuzi ukamilike na upewe tarehe ya kuripoti.