Wakili wa franchaizi, Kijitonyama: hapambi maneno

Nina huduma ya kufua nguo kwa oda za WhatsApp, Sinza. Bodaboda anachukua nguo, anazirudisha zimepigwa pasi. Jamaa wa Unguja akataka atumie jina langu kule, anilipe kila mwezi; ndiyo franchaizi yenyewe. Nikatafuta wakili.

Mama wa watu aliniuliza kwanza: "Unauza nini hasa, jina au namba ya simu?" Nilikuwa na jina la biashara tu, BRELA, wakala wa usajili wa biashara Bara. Akanieleza kwamba hilo si alama ya huduma (jina au nembo iliyosajiliwa ili mwingine asiitumie bila ruhusa), na kwamba hata alama yenyewe, inayodumu miaka 7 kisha kuhuishwa kwa 10, haivuki bahari. Zanzibar husajili kivyake, kwa wakala wake, BPRA. Sheria maalumu ya franchaizi hatuna, hivyo mkataba ndio kila kitu. Akataka niandike utaratibu wote wa kazi, hadi nani analipa shati likiungua. (Hapo nilinyamaza.)

Foleni ni ndefu, na risiti hupewi mpaka uidai. Ila angeweza kuniandikia mkataba siku ileile ale ada yake. Akasema nisajili kwanza, jamaa asubiri. Nimemwambia asubiri.