4711 kwenye kiti cha kinyozi

Lawama ya kwanza utakayoisikia kuhusu 4711, yale marashi mepesi ya Kijerumani yanayoitwa odikoloni, ni kwamba haikai. Ni kweli, haikai. Ukijipaka asubuhi ukiwa umetoka kuoga, ukaingia kwenye foleni ya Jangwani, ukifika Posta umebaki na ngozi yako tu. Mimi ni kinyozi hapa Magomeni, nimeipaka kwenye mashavu ya watu wengi, na huwa nawaambia kabla sijafungua kizibo: bosi, hii ni ya sasa hivi, jioni usiitegemee.

Kizibo kikifunguka, kinachotangulia ni spiriti. Usiihukumu hapo. Vuta pumzi mbili tatu ukiwa umegeuza uso, kisha rudi. Utakutana na ganda la limau linapobinywa na yale mafuta yake yanaruka, chungwa likiwa nyuma, pamoja na bergamoti, tunda la jamii hiyohiyo linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Bergamoti hailiwi ovyo, lakini kama umewahi kunywa chai ya Earl Grey, pua yako inaifahamu. Kama robo saa baadaye ukali unashuka, lavenda na rozmari zinatokeza na uchungu wao wa majani. Mwisho kabisa linakuja ua la mdanzi. Waliokulia Tanga au Unguja kwenye nyumba yenye mdanzi uani watanielewa: mti ukichanua, harufu yake ni tamu, lakini ndani ya utamu kuna ubichi, ule wa jani lililochanwa sasa hivi. Mafuta ya maua hayo ndiyo wataalamu wanayaita neroli, na mafuta ya majani na vitawi vyake nayo yamo humu. Hapo ndipo 4711 inapoizidi bei yake mara tatu. Bahati mbaya, hapohapo ndipo inapoaga.

Inaaga mapema si kwa sababu kiwanda kimebana matumizi. Harufu za jamii ya limau ni nyepesi kwa asili, zinaruka hewani upesi kuliko udi, miski au sandali, ambazo ni nzito na hung'ang'ania nguo. Halafu odikoloni ya jadi kwa kawaida huwa na mafuta ya harufu asilimia 2 hadi 5 tu, yaliyobaki ni spiriti na maji. Ilikusudiwa mtu ajimwagie, sio ajidondoshee. Kwa hiyo anayeinunua kisha akajipulizia mara mbili nyuma ya masikio na kusubiri maajabu, hajaitumia bado.

Sasa nikueleze anayejua kuitumia. Nina mteja, mpima ardhi mstaafu, jina silitaji kwa sababu hapendi mambo hayo. Anakuja Ijumaa mapema mno, mara nyingi namkuta nje nikiwa bado nafagia, na hakubali kuingia mpaka nimalize.

"Shikamoo mzee. Karibu ukae, vumbi halitakufikia."

"Marahaba mwanangu. Maliza kwanza kazi yako."

Mfukoni ana penseli iliyochongwa kwa wembe, ingawa hajapima kiwanja cha mtu siku nyingi. Chupa yake huibeba ndani ya bahasha ya kaki. Nikishamfuta povu, ananyoosha kiganja kunizuia: kujipaka anajipaka mwenyewe. Anamimina mpaka kishimo cha kiganja kijae, anakutanisha viganja mara moja tu, anavifungua, anatulia. Mgeni akimwona atadhani anaomba dua. Kumbe anaiacha spiriti ipungue. Kisha mashavu, chini ya kidevu, na nyuma ya shingo kwa mkono wa kushoto. Unyevu uliobaki unaenda kwenye leso, nayo inakunjwa mara nne, upande uliolowa ukiwa ndani, inarudi mfukoni. Vijana wangu wakipakwa hii baada ya wembe wanaruka kitini kama wamemwagiwa pilipili. Yeye hata nyusi haisogei.

Siku moja kijana aliyekuwa akisubiri zamu alishindwa kuvumilia. Akamuuliza, kwa heshima zote, kwa nini hanunui zile za mafuta za Dubai, mtu unanukia hadi kesho.

"Kesho nitaoga tena," mzee akajibu, akavaa kofia yake.

Ile namba anaipenda kwa sababu zake za kikazi. Odikoloni ilizaliwa Köln, Ujerumani, na aliyeianzisha ni Muitaliano, Johann Maria Farina, mwaka 1709. 4711 ni ya baadaye. Kampuni yenyewe husimulia kwamba mwaka 1792 Wilhelm Mülhens alizawadiwa kanuni ya kuitengeneza siku ya harusi yake, na aliyempa ni mtawa. Namba ni ya nyumba. Miaka ya 1790 Wafaransa walipoikalia Köln, nyumba za mji zilipewa namba, na ile ya mtaa wa Glockengasse ikaangukia 4711. Mzee akifika hapo hukasirika kidogo: yaani mji mzima ulihesabiwa kwa mfululizo mmoja bila kujali mtaa! Barua utaipelekaje? Anaweza kuongea habari hiyo mpaka nimalize kumnyoa upande wa pili.

Nimewaangalia wanaoizoea hii kitu na wanaoikataa, na naona kabisa wanagawanyika kwa tabia kuliko umri. Nesi mmoja anayekata nywele zake fupi hapa kwangu aliijaribu mkononi, siku iliyofuata akaulizia wapi atapata ya kwake. Wodini marashi mazito yanawachafua wagonjwa roho, aliniambia, na yeye anataka kitu cha kumwamsha saa kumi alfajiri, kisimfuate hadi kitandani kwa mtu. Fundi cherehani wa jirani naye anaitumia, anajipaka mikononi kabla ya kugusa kitambaa cheupe cha bibi harusi. Ni watu wanaonukia kwa ajili yao wenyewe. Ukiwasogelea unaipata, usiposogea, basi, haikuhusu. Huwa hawaulizi "vipi, nanukia?" Na wengi wao, sijui kwa nini, hulipa kwa chenji kamili.

Upande wa pili yupo dalali wangu wa magari. Kijana mzuri, mcheshi, anataka mteja aanze kumsikia akiwa bado upande wa pili wa barabara. Nilimpaka 4711, akakaa dakika chache akijinusa kola, akaniangalia kwenye kioo: "Kinyozi, umeniwekea maji?" Sikubishana naye. Kazi yake inadai mtu atangazwe, na hii haitangazi mtu.

Kama unaipenda limau lakini unahitaji ifike mchana, ipo Eau Sauvage ya Dior, ya mwaka 1966, kazi ya Edmond Roudnitska. Humo limau limeegemezwa kwenye hedioni, kemikali yenye hewa ya asmini, na chini kuna majani makavu yenye kina. Ni nzuri, nakiri, na inakaa. Ila inavaliwa na mtu anayejua kwamba anaangaliwa. Mzee wangu nilimnusisha, akasema ni marashi ya mtu mwenye mkutano. Halafu bei: chupa ya 4711 ya mililita 100 haifiki hata nusu ya bei ya ile ya Dior yenye ujazo huohuo, ndiyo maana unaweza kuimwaga bila roho kuuma.

Waturuki wanayo odikoloni yao ya limau, mgeni akiingia anamiminiwa viganjani. Sisi wa pwani tunamnyunyizia mgeni marashi ya waridi kwa mrashi kwenye maulidi na harusi, kwa hiyo hilo halitushangazi. Nimeanza kufanya hivyo hapa saluni, mteja akikaa tu, kabla hata ya kumfunga kitambaa, matone kiganjani. Siku za joto la Februari mtu aliyetoka kwenye daladala anabadilika sura.

Tahadhari zipo. Hii ni spiriti, usijipake halafu ukainamia chetezo kufukiza nguo. Makaa hayana utani. Mafuta ya jamii ya limau, hasa bergamoti, yana viambato vinavyoweza kuifanya ngozi iungue na kubaki na madoa ikipigwa na jua. Watengenezaji wa siku hizi huvipunguza au kuviondoa, lakini mimi bado namwambia mwenye safari ya juani ajipake kwenye leso tu. Ngozi yenye vipele vya ndevu isiguswe kabisa, subiri vipoe. Na wapo wanaojiepusha na marashi yenye spiriti kwa sababu za dini. Hao siwasukumi, waridi la mafuta lipo kabatini na nalipaka bila maswali.

Kwenye kununua, chukua ya kumimina, acha ya kupuliza. Ya kupuliza inakutolea ukungu mwembamba na kukunyima ile baridi ya kiganja, ambayo ndiyo nusu ya starehe yenyewe. Chupa ya asili ina pembe, umbo lililoanza kutumika mwaka 1820, na lebo ya bluu inayoelekea kijani pamoja na dhahabu. Ukikuta lebo imepauka, mwachie mwenye duka. Jua na joto vinaziharibu harufu hizi upesi, limau linageuka na kuanza kunuka kama varnishi. Duka moja mjini, silitaji, liliwahi kuniuzia chupa iliyokuwa imepangwa dirishani kwenye jua la saa nane, na niliporudi nayo nikaambiwa ndivyo inavyonuka. Tangu hapo naomba niletewe ya kwenye boksi, kutoka ndani, na naifungua palepale kaunta.

Ya kwangu naiweka kwenye kabati la taulo, chini, mbali na bomba la maji moto. Mililita 400 zinanitosha kwa muda mrefu, maana si kila mteja anaitaka. Vijana wengi wanachagua poda.