Gari la kukodi na dereva Kisumu: nilianza na nyota tatu

Nilitaka kuwapa nyota tatu. Gari lilikuwa safi, dereva hakushindana na bodaboda pale Kondele, na bei waliyonitajia kwa simu ndiyo niliyolipa. Kwa hayo siwezi kuwasema vibaya.

Lakini gari hilo nililikodi siku nzima kwa sababu moja tu. Mjukuu wangu, aliye gredi ya tatu huko Nairobi, alikuwa amekuja likizo kuona nilikozaliwa. Mimi ni mtoto wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Niliwaambia mapema: sitafuti viboko wala picha za machweo, nataka tushuke, tusimame, niongee na mtoto, tuendelee. "Hakuna shida, mama." Ndivyo walivyonijibu.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Sokoni Kibuye mtoto aliziba pua kwa harufu ya omena, halafu akataka tununue. Nyumba yetu bado ipo, ina mabati mapya, mwembe haupo.

Kisha tukafika karibu na bandari, kule reli inakoishia. Nikamwambia, hapa ndipo reli kutoka Mombasa ilipoligusa ziwa, Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa injinia, ambaye ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Mtoto hakuamini kwamba mwanamke ndiye aliyeshika nyundo. Nikamweleza na MV Uhuru, meli yenye reli juu ya sitaha yake, jinsi baba yangu alivyokuwa akinibeba mabegani nione mabehewa yakisukumwa ndani ili yavushwe ziwa. Macho yakamtoka. Akauliza, "Na treni haikuzama?"

Sikuwahi kumjibu. Honi ililia. Ikalia tena, ndefu. Dereva akatoa kichwa dirishani: "Mathe, hizo stori mtoto atapata kwa Google. Mimi niko na mteja airport."

Mathe! Mimi niliyelipa siku nzima, na jua bado liko utosini. Google itamwambia nini kuhusu mabega ya baba yangu? Mtoto akanivuta mkono, akanong'ona, "Nyanya twende, amekasirika." Hapo ndipo nilipoumia. Swali zuri hivyo, akalimeza kwa kuogopa honi ya mtu mzima. Ufuoni Dunga hatukufika. Alitushusha mlangoni kwetu, akageuza gari bila hata kwaheri.

Najua vijana hawa wanabanwa. Pengine ofisi ndiyo iliyompangia wateja wawili saa moja, na kama ni hivyo kosa ni lao kuliko lake. Kwa hiyo nikashuka hadi nyota mbili, nikapiga simu ofisini. Msichana aliyepokea akasema wanaomba radhi "kwa usumbufu wowote" na kwamba nitapewa punguzo safari ijayo. Safari ijayo ipi? Mimi umri umesonga, na mtoto anarudi shule.

Baadaye tulichukua tuktuk kwenda Dunga. Yule kijana wa tuktuk alipoona nimeanza kuonyesha kidole ziwani alizima injini, akashuka, akasikiliza pamoja na mtoto, hata akauliza kama gugumaji lilikuwepo enzi zetu. Nikamwambia halikuwepo, maji yalikuwa wazi hadi ukingoni. Hakutuharakisha. Tulikula samaki wa ngege tukashiba, naye tukamwitia sahani. Nauli yake ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na ya lile gari, na siku nzima ya kwanza haifikii ile saa moja naye.

Sasa kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuona nyota mbili ni nyingi. Nimeweka moja. Punguzo lenu sitaki. Dereva wenu ampigie mjukuu wangu simu, amwambie samahani, yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Nambari yangu mnayo.